Hereni Isiyopotea

Mama Cheche alikuwa mtu wa kuficha. Wenzake walifungia vitu kabatini, yeye alivishonea. Kazi yake ilikuwa ufundi wa mito na magodoro, barazani kwake, sufi imemjaa nyweleni tangu asubuhi mpaka jioni, na kila karatasi yenye maana katika familia ile ilikuwa ndani ya kitu cha kulalia. Vyeti vya kuzaliwa vya wanawe vilikuwa ndani ya godoro. Hati ya kiwanja ilikuwa ndani ya mto wa kiti. Hata picha ya marehemu mumewe ilikuwa ndani ya mto fulani, ila siku hizi hakukumbuka ni upi. Watu wa nyumbani walipomcheka aliwajibu kwamba mwizi huvunja kabati, na hajazaliwa mwizi wa kufumua mto.

Sasa alikuwa anasafiri na mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye karakana yake. Huyu ndiye Cheche. Walimwita hivyo kwa sababu ya kazi: alichomelea vyuma, mageti na madirisha, na mwili wake ulikuwa na alama ndogondogo za moto kama mtu aliyenyunyiziwa pilipili. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuzimika. La kulia lilikuwa limeingia ukungu, na ukungu ule ulikuwa unaongezeka. Hospitali ya nchi nyingine ilikubali kumpasua ikampangia siku. Akiikosa siku hiyo anarudi nyuma ya foleni, na daktari wa huku alikuwa amewaambia wazi kwamba lile jicho halina subira ya kupanga foleni.

Mama Cheche alikuwa amejiapiza jambo moja tu. Siku ya kufungua bandeji awe pale pale kando ya kitanda. Mwanawe asifumbuliwe macho mbele ya watu baki, na asivushwe nchi za watu akiwa ameshikwa mkono na mtu asiyemjua.

Ndege ilikuwa ya asubuhi, na basi la kutoka kwao lilifika mchana wa siku iliyotangulia. Ilibidi walale karibu na uwanja. Walikuwa wanne. Cheche na mama yake ndio wasafiri, na wasindikizaji walikuwa wawili: Mama Mdogo, yaani mdogo wake Mama Cheche, msusi wa nywele, mwenye simu iliyojua kila kitu, na Mjomba, kaka yao mkubwa, dereva mstaafu wa malori, mwenye shingo iliyokataa kugeuka upande wa kulia.

Kwenye simu Mama Mdogo alikuwa ameshachagua hoteli tangu juzi yake. Aliwaonyesha picha ya kitanda kilichopambwa kwa taulo zilizokunjwa mfano wa bata. Mama Cheche akauliza kama mlango una komeo kwa ndani. Simu haikusema. Akauliza ngazi ziko ngapi, maana mgonjwa haoni. Simu haikusema. Akauliza nani analala chumba cha pili. Mama Mdogo akafunga simu akaiweka kwenye mkoba.

"Dada, hii ni hoteli, siyo posa. Huulizii ukoo."

Lakini hakuna aliyemshinda Mama Cheche kwa wasiwasi, kwa hiyo walikwenda kuziona kwa macho, wanne kwa mguu, na masanduku yao, katika mtaa ule wa nyuma ya uwanja ambako kila nyumba ya tatu ina kibao cha vyumba. Jua lilikuwa limewasimamia utosini. Cheche alishika bega la Mjomba, Mjomba alivuta sanduku, na sanduku lilikuwa na gurudumu moja lililokuwa likipiga kelele kama kifaranga.

Ya kwanza ilikuwa ile ya mabata. Kijana wa mapokezi alikuwa na tai na bei zake zilikuwa na tai vilevile. Mjomba aliposikia bei aliuliza kwa upole kama ni ya kulala au ya kununua jengo, wakatoka. Ya pili bei yake ilikuwa nzuri mno, na Mama Cheche bei nzuri mno humtia homa. Alisukuma mlango wa chumba kwa kidole, mlango ukaenda na fremu yake. Ya tatu ilikuwa juu ya baa. Ya nne walimkuta mtu amelala kwenye kochi la mapokezi, na walipomwamsha akawauliza wao kama vyumba vipo.

Kufikia hapo Mama Mdogo alikuwa amevua viatu na Mjomba alikuwa ameacha utani, jambo la hatari. Cheche peke yake hakulalamika. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hoteli zote anaziona sawa.

Ya tano ndiyo waliyoichukua, na sababu ya kuichukua ndiyo iliyowaponza. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, bei ya watu wa kawaida, ina gari lake dogo la kupeleka wageni uwanjani asubuhi, na komeo za milango zilikuwa nene kama kidole gumba. Mama Cheche hakuridhika na hayo. Aliinua mto wa kitandani, akauvua foronya, akaunusa. Kisha akamwangalia dada wa usafi aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio.

"Hii mito mnaianika?"

Dada akajibu kwamba mwenye nyumba hataki mchezo: kila asubuhi, wageni wakienda kunywa chai, mito yote inapanda juu ya paa kuota jua. Mama Cheche alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke kwake. Nyumba inayoanika mito, alisema, haiwezi kumwibia mtu. Wakachukua vyumba viwili, wanawake kimoja, wanaume kingine.

Pale mapokezi kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani, mpole, aliyewaambia kwamba kama wana pasipoti au kitu cha thamani wanaweza kumwachia akifungie kwenye sanduku la chuma. Mama Cheche alishukuru sana, akasema hawana. Chumbani, Mama Mdogo alipoingia kuoga, Mama Cheche alitoa sindano kwenye upindo wa gauni lake, ambako haikosi, akafumua mshono wa mto wake kwa wembe, akaziingiza pasipoti mbili katikati ya sufi, yake na ya mwanawe, akashona. Mito ile ilikuwa imeshonwa kwa mashine. Yeye alifuatisha tundu kwa tundu, uzi kwa uzi, mpaka mwenyewe alipougeuza mto chini ya taa hakuona mahali mkono wake ulipopita. Akajisifu kimoyomoyo. Angeshona vibaya usiku ule, hadithi hii ingeishia hapa.

Hakumwambia mtu. Mama Mdogo ana mdomo, alijisemea, Mjomba ana utani, na Cheche ana mawazo yake ya kutosha. Akalala ameukumbatia mto ule kama mtoto mchanga, na kila ndege iliyopita juu ya nyumba ilimtoa usingizini aupapase.

Asubuhi ilikuja na pilika zake. Cheche alipaswa kutiwa matone ya jicho kisha akae ameegemeza kichwa nyuma, asikiinamishe mpaka dawa ishuke. Kazi ya matone ilikuwa ya mama yake, na siku ile kila tone moja lilipoingia jichoni, mawili yalikwenda shavuni. Mjomba alitangulia kwenye gari kushika viti. Mama Mdogo alipanda na kushuka ngazi, mara kasahau chaji, mara kasahau kitana. Walikunywa chai wima.

Mama Cheche aliporudi chumbani kuchukua mto, alikuta vitanda viko uchi.

Alisimama mlangoni akishika fremu. Kisha akakumbuka paa, akashusha pumzi kidogo, akapanda. Juu kule mito ilikuwa imepangwa kwenye kamba na kwenye ukuta, mito ya nyumba nzima, imevuliwa foronya, yote rangi moja, yote kimo kimoja. Akaanza kubinya. Sufi ya zamani huganda vibonge, na kila mto aliouminya ulikuwa na kitu kigumu ndani. Akatafuta mshono wake. Mishono yote ilikuwa ya mashine, au ya mtu anayeshona kama mashine.

Chini gari likapiga honi. Mama Mdogo aliita kutoka uani kwamba watu wote wameketi, anangojwa yeye.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Ndugu zake walikuwa pale chini, hatua chache, na maneno yenyewe hayakuzidi pumzi moja. Lakini aliona haya. Yeye aliyewakatalia hoteli nne kwa kutoamini komeo, aseme sasa kwamba pasipoti amezipoteza mwenyewe? Akachungulia juu ya ukuta wa paa, akajishika tumbo.

"Tangulieni. Tumbo limenivuruga kidogo. Nakuja na gari likirudi."

"Na karatasi za safari?"

"Ninazo mimi," alisema, na gari likaondoka na mwanawe.

Mama mwenye miwani alipanda juu kumuuliza kama anahitaji dawa ya tumbo, akamkuta amepiga magoti katikati ya mito. Akamuuliza anatafuta nini. Mama Cheche akajibu kwamba hereni. Hereni yake imedondoka kitandani, imeingia kwenye foronya labda. Yule mama akamwita dada wa usafi, na dada akamwita mwenzake wa jikoni, na wote wakashuka wakakung'uta foronya, wakafagia chini ya vitanda, wakamulika kwa tochi ya simu, wakitafuta hereni ambayo masikioni mwa Mama Cheche ilikuwepo, ya kulia na ya kushoto, inang'aa. Watu wale walikuwa wema. Wangeambiwa ni pasipoti, mmoja wao angesema pale pale kitu alichokiona asubuhi. Lakini nani ataunganisha hereni na mto uliotoka mlangoni?

Simu ikaita. Mama Mdogo. Hakuipokea, kwa sababu angesema nini? Akatoa wembe, akafumua mto wa kwanza. Sufi tupu. Akafumua wa pili. Upepo wa paa ukaichukua sufi ukaitembeza. Akafumua mwingine, na mwingine. Dada wa usafi aliporudi juu na habari kwamba hereni haionekani, alikuta paa limekuwa jeupe na mgeni ameketi katikati na wembe mkononi. Alimtazama, akaitazama mito, akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na mwenye homa:

"Mama, hereni inaingiaje ndani ya mto ulioshonwa?"

Simu iliita tena, na safari hii ilikuwa ya Cheche. Ya Cheche hakuwahi kuiacha iite hata siku moja.

"Mama, wameshaanza kuita watu wa ndege yetu. Uko njiani?"

"Mwanangu, pasipoti sizioni."

Alisikia upande wa pili magurudumu ya masanduku, na sauti ya Mjomba ikiuliza kuna nini.

"Uliziweka wapi?"

"Nilizishonea."

Cheche hakuuliza kwa nini. Alikuwa amekua akilalia cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa. "Ndani ya nini?"

"Mto wangu wa kitandani. Na mito yote iko hapa juu, nimeifumua nusu yake, mwanangu, hazimo, nimekuua."

"Mama, subiri. Mto huo ndio huu?"

"Upi?"

"Mama Mdogo alinipa mto garini, niegemeze kichwa kwa ajili ya matone. Kauchukua kitandani kwako, akamuomba yule mama wa mapokezi. Tangu tutoke hapo kuna kitu kinanigonga kisogo. Nikadhani ndiyo hoteli ya bei nafuu."

Mjomba aliufumua kwa meno. Mbele ya milango ya vioo, mbele ya watu na askari wa uwanja, mzee mzima aliuma mshono ule, na mshono, kwa kuwa ulikuwa wa Mama Cheche, ulikataa. Ilibidi aazime mkasi wa kukatia kucha kwa mama mmoja aliyekuwa anaaga wanawe. Pasipoti zikatoka zimevaa sufi.

Basi zilikuwa zimepatikana, na aliyebaki ni mwenyewe. Gari la hoteli lilikuwa bado uwanjani likingoja wageni wa kushuka. Mama Cheche alishuka ngazi mbio bila kuaga, akasimamisha pikipiki, akapanda upande mmoja kama anavyopanda mtu asiyewahi kupanda, akamwambia dereva wake kwamba mwanawe anakwenda kupasuliwa na hana muda. Yule kijana alijitahidi. Lakini kwenye daraja kabla ya uwanja lori la mchanga lilikuwa limezimika katikati ya njia, na magari yamefungana mkia kwa pua, hata pikipiki ikakosa upenyo. Mnara wa uwanja ulionekana, mrefu, karibu, kama unaweza kuugusa. Alishuka akaanza kukimbia kwa mguu, viatu mkononi. Simu ikaita akiwa anakimbia.

"Mama, wanafunga. Naingia."

"Ningoje. Nauona uwanja, mwanangu, nauona."

"Nikikungoja tunabaki wote wawili, na jicho nalo linabaki."

"Nani atakushika mkono?"

"Kuna dada wa ndege hapa, kashanishika. Ana mkono kama koleo, haniachii." Kisha akaongeza: "Usilie njiani, utagongwa."

Alipofika, mlango wa vioo ulikuwa umemeza kila mtu. Mama Mdogo alimkumbatia. Mjomba alikuwa ameketi juu ya sanduku lenye gurudumu bovu, mto uliopasuka mapajani, na pasipoti moja mkononi. Alimpa. Hakufanya utani wowote, na hilo ndilo lililomliza Mama Cheche.

Baadaye Mama Mdogo alimuuliza swali moja tu: kwa nini hakupokea simu ya kwanza. Wakati ule ulikuwepo muda. Lori lilikuwa bado halijazimika. Angesema neno moja, mto, na yeye Mama Mdogo angemwambia mto uko wapi. Mama Cheche alisema hakutaka aonekane mjinga. Mama Mdogo akafikiri, akasema sawa, basi hilo limefanikiwa. Kisha wakacheka, kicheko kibaya, cha watu wasiojua wafanye nini kingine.

Mjomba alirudi nyumbani na basi. Mama Cheche alikataa. Alisema hatoki mtaani pale, ambako ndege zinatua, mpaka asikie sauti ya mwanawe. Tiketi ilikuwa imekwenda na maji na nyingine haikuwezekana, kwa hiyo akarudi kwenye hoteli ile ile, akasimama mbele ya mama mwenye miwani, akasema ukweli wote kuanzia sindano mpaka hereni. Yule mama alivua miwani akaifuta. Akasema angeambiwa tangu asubuhi angejibu kabla swali halijaisha, maana mto aliuona ukipita mbele ya meza yake kwapani mwa mdogo mtu, na ruhusa alitoa yeye. Mwenye nyumba alipopanda kuona paa lake, alishika kichwa, akauliza nani atashona haya yote. Mama Cheche akasema ndiyo kazi yake.

Akapewa kile chumba bila malipo mpaka mito iishe. Alishona juu ya paa, mdogo wake akimrudishia sufi ndani kwa viganja, na kila ndege ilipopita waliinua nyuso zao wote wawili, kana kwamba ingeweza kuwadondoshea habari. Hakula vizuri. Alikuwa akiiona bandeji. Aliwaona watu baki wamezunguka kitanda, wanazungumza lugha yao, na mwanawe katikati anageuza kichwa akitafuta sauti ya mtu anayemjua. Alijichoma vidole, yeye ambaye hakujichoma tangu usichana. Mito mingine aliishona ikawa imara kuliko nguo ya maharusi, akaifumua, akaishona upya kwa mishono mikubwa ya kuonekana, uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe, mtoto yeyote angeiona.

Wewe unayesafiri na mgonjwa wako, ficha unavyotaka, ukoo wetu wote ni wa kuficha. Lakini kabla hujalala mwambie mtu mmoja. Hata kama ana mdomo, hata kama ana utani. Na ukishapoteza, taja kitu ulichopoteza, usitaje hereni.

Simu iliita asubuhi moja, mto wa mwisho ukiwa mapajani. Mama Cheche aliiangusha, Mama Mdogo akaiokota, akaiweka sikioni mwa dada yake.

"Mama."

"Wamefungua?"

"Wamefungua sasa hivi."

"Nani yuko hapo na wewe?"

"Daktari, na muuguzi, na mzee wa kitanda cha pili anayekoroma. Mama, nyamaza kidogo, nataka nikwambie kitu."

Alinyamaza. Ndege ilikuwa inapaa, na alitamani aishike kwa mkono aiweke chini ili asikie.

"Madirisha ya hospitali hii," alisema Cheche, "yamechomelewa vibaya. Nondo ya tatu kutoka kushoto imepinda, na aliyeichomelea kaacha vibonge. Aibu tupu."

Mama Cheche aliinamisha kichwa juu ya mto, mpaka Mama Mdogo akaogopa akamtikisa bega akiuliza amesemaje. Kisha Mama Cheche alishuka ngazi, akaenda mapokezi, akatoa pasipoti yake kifuani, akamkabidhi mama mwenye miwani aifungie kwenye sanduku la chuma mpaka watakapoondoka. Akamwambia Mama Mdogo iko wapi. Akampigia Mjomba, akamwambia na yeye.